Kabla ya Kushusha Giaboksi

Hilux kuukuu imetoka mwaloni Nkome na magunia ya dagaa, na sasa gia haziingii. Dereva ameshatoa hukumu: pleti imekwisha, giaboksi ishushwe. Fundi anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza swali moja tu. "Ukikanyaga harakaharaka mara tatu, inaingia?" Inaingia. Basi giaboksi haiguswi.

Swali hilo nalihusudu. Pleti iliyolika huteleza: injini inanguruma na mlima haupandiki. Gia kugoma ni ugonjwa mwingine, maana yake klachi haiachii. Na pedali inayopata nguvu baada ya kupampu inasema mafuta hayasukumi sawasawa. Ama kuna upepo ndani, ama mipira ya silinda imechoka. Wapo wanaopita hapo bila kusikiliza, wakashusha giaboksi, wakafunga pleti mpya, wakarudisha kila kitu jioni, na gia zikagoma vilevile.

Fundi huyu anaisukuma pedali kwa kiganja, kwa sababu mguu uliovaa kiatu hausikii vizuri. Kiganja chake kinasikia kama cha mvuvi aliyeshika mshipi: kwanza nafasi tupu, kisha pale silinda ya juu inapoanza kusukuma. Nafasi tupu ikizidi, anatazama pini inayoshika pedali na fimbo ya silinda. Kwenye magari ya umri huu tundu la pini hulika na kupanuka, mwendo wa pedali ukapotea bila tone la mafuta kuvuja. Leo pini ni nzima.

Anaikandamiza pedali na kungoja. Inazama taratibu. Anainua kapeti na kupapasa ukuta ulio nyuma ya pedali, maana silinda ya juu ikivuja, mara nyingi hudondosha humo ndani, miguuni pa dereva. Pakavu. Lakini silinda hiyo inaweza kupitisha mafuta ndani kwa ndani pasionekane kitu nje, kwa hiyo pakavu hapamtoshi.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Analala chini ya gari, analibana bomba la mpira la klachi kwa vaisigripu iliyozungushiwa kitambaa, polepole asije akalipasua. "Bwana mdogo, kanyaga." Pedali inasimama juu, ngumu. Ingezama, kosa lingekuwa silinda ya juu. Imesimama, kwa hiyo kosa liko chini ya pale alipobana. Ni jaribio la dakika moja, halina kifaa cha bei, na nusu nzima ya mfumo imeshafutwa kwenye mashaka. (Kwenye kirikuu angeanzia kwingine, kwa sababu klachi yake huvutwa kwa waya.) Anafunua kofia ya mpira ya silinda ya chini. Kidole kinarudi kimelowa.

Hata baada ya kujua, hakimbilii kufunga mipira mipya. Mafuta ya breki, ambayo ndiyo ya klachi, huvuta unyevu wa hewa: DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, lakini yaliyonyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Kwenye klachi maji hayo huleta kutu, na kutu huukwaruza ukuta wa silinda. Anapitisha ukucha ndani. Ukucha ukinasa, mipira mipya itakatika upesi, na silinda yote ibadilishwe. Oili ya injini haikaribishwi kamwe. Hufurisha mipira hiyo ikaharibika.

Kisha kutoa upepo: kanyaga, shikilia, fungua, funga, achia, tena na tena, mpaka mafuta yatoke bila povu.

Mwisho anawasha injini, anakanyaga klachi, anangoja kidogo, anaweka rivasi. Anaichagua rivasi kwa makusudi, kwani kwenye giaboksi nyingi za zamani haina singi ya kuilainisha kama gia za mbele, hivyo klachi isiyoachia kabisa hujitangaza hapo kwa mkwaruzo. Ikikwaruza hata kidogo, anazima na kurudi chini ya gari kabla dereva hajauliza.