Njeo na Matuta: Kuhoji Wakati wa Mbiti

Katika African Religions and Philosophy (1969), John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alidai kuwa kwa Mwafrika wa jadi wakati ujao ni kama haupo. Kwamba mafunzo ya wamisionari, elimu ya kimagharibi na teknolojia ndivyo vilivyomfunulia. Ushahidi wake mkuu ni njeo za Kikamba na Kikikuyu, alizoziona hazivuki takriban miaka miwili.

Hoja hii ina kasoro ya kimbinu: njeo hupanga kauli, haipimi matumaini. Aidha, yachukulia kwamba kesho huletwa na usasa. Kutoka Tulia hadi Makueni, ardhi yenyewe yatoa ushahidi mwingine. Tuta la fanya juu huhitaji mvua za miaka kadhaa ndipo shamba lisawazike. Anayelichimba amekwisha kuivuka miaka miwili ya Mbiti. Wakoloni walipolazimisha kazi ya matuta wilayani Machakos, ambamo Makueni ilikuwamo hadi 1992, wenyeji waliipinga. Baadaye waliieneza wenyewe kupitia mwethya. Kilichokataliwa ni amri, si kesho.

Mbiti aliifanya lugha ya Kiafrika kuwa hati ya falsafa. Tumfuate, ila tusome na jembe pia.