Ashwin kwenye benchi: ile hesabu ya India

Wandugu, fainali ya kriketi ya Test ya 2023, India na Australia pale The Oval, London, bado inaniuma. Ravichandran Ashwin alikuwa mrushaji namba moja duniani kwa orodha ya ICC, ameshatoa wapigaji 474. Kapiteni Rohit Sharma na kochi Rahul Dravid wakamuacha kwenye benchi! Juu ya nini? Asubuhi ile kulikuwa mawingu, uwanja una majani, wakachukua warushaji wane wa mbio. Sawa, naelewa. Lakini Test ni siku tano, si asubuhi moja. Jua linatoka, uwanja unakauka, mpira unaanza kuzunguka.

Tena Australia walikuwa na Warner, Khawaja, Head na Carey, wote wapigaji wa kushoto. Hao njo Ashwin anawasumbuaka zaidi! Mtaniambia Jadeja alikuwepo. Ndiyo, ila mpira wa Jadeja unawaingilia watu wa kushoto. Wa Ashwin unawakimbia. Head akapiga mikimbio 163. Zamu ya pili ya India, Nathan Lyon, mzungushaji wa Australia, akatoa wapigaji wane, India ikafungwa kwa mikimbio 209. Na Umesh Yadav, mmoja wa wale wane wa mbio? Zamu ya kwanza hakutoa hata mtu mmoja.