Maharagwe Huharibikia Ghalani, Sufuria Hulaumiwa Bure

Nunua gorogoro mbili za maharagwe ya rangi moja katika soko la Gakoromone mjini Meru, kila moja kwa muuzaji wake, kisha uzipike kwa moto ule ule. Ya kwanza huenda yakaiva kabla hujaongeza makaa. Ya pili yatakula makaa hadi jioni na bado yagonge meno. Mpishi atalaumu jiko, atalaumu mbegu, wengine watalaumu hata maji ya kaunti. Mara nyingi, hata hivyo, kosa lilitendeka miezi kadhaa kabla, gunia likiwa bado ghalani.

Ndani ya punje, seli zimeshikamanishwa na pektini kama matofali na saruji. Haragwe huiva pektini inapoyeyuka na seli kuachana. Punje hiyo hiyo ina faiteti, ambayo kazi yake mojawapo ni kufunga madini ya kalsiamu na magnesiamu. Maharagwe yakikaa muda mrefu penye joto na unyevu, kimeng'enya huivunja faiteti, madini yakafunguliwa, nayo yakaenda kuikaza pektini. Kuanzia hapo maji yanayochemka hayaiwezi kwa urahisi. Watafiti wa chuo kikuu cha JKUAT, wakishirikiana na wenzao wa Leuven nchini Ubelgiji, wamelichunguza jambo hili kwa kutumia maharagwe ya Kenya. Yapo maelezo mengine ya kwa nini haragwe hukaidi, lakini haya ndiyo yanayoeleza vizuri zaidi kinachoonekana jikoni.

Sasa itazame ramani. Juu, karibu na msitu wa Mlima Kenya, ghala huwa na ubaridi wa kutosha na mavuno yakikauka sawasawa hukaa vizuri. Chini, Mbeere na Tharaka, gunia lililowekwa chini ya mabati hupigwa na joto linalopita nyuzi 30 mchana, na likiwa halikuanikwa vya kutosha, unyevu unamalizia kazi. Mavuno ya Julai hukutana sokoni na yale ya Januari na Februari, na mfanyabiashara akiyachanganya, mnunuzi amepewa sufuria yenye saa mbili tofauti: nusu imepondeka, nusu bado ni kokoto. Aina nayo ina neno. Rosecoco, Mwitemania na Wairimu, zilizosambazwa miaka ya 1980 baada ya utafiti wa mikunde kule Thika, haziivi kwa muda sawa; Nyota, aina ya shirika la utafiti wa kilimo KALRO, inasifiwa kwa kuiva upesi. Lakini hata aina nzuri haivumilii ghala baya.

Kuna kipimo kisichogharimu chochote. Loweka usiku kucha, kisha asubuhi uangalie kabla ya kuwasha moto. Punje zilizobaki ndogo na kavu kama zilivyoingia zina ganda lisilopitisha maji. Hizo zichague uzitoe. Zilizovimba zote lakini baadaye zikakataa kuiva ndizo zilizoharibikia ghalani. Kwa maoni yangu, ni vibaya kuzichukulia shida hizi mbili kama moja, kwa sababu kulowekwa zaidi hakusaidii sana aina hii ya pili. Kinachosaidia ni kuyaondoa yale madini.

Hapo ndipo chumvi inapoingia, japo wapishi wengi huogopa kwamba hukaza maharagwe. Sodiamu huchukua nafasi ya kalsiamu kwenye pektini. Vijiko viwili vya chai vya chumvi katika lita moja ya maji ya kulowekea, kisha maji hayo yamwagwe, hufanya kazi bila kuharibu ladha. Magadi hufanya kazi kwa nguvu zaidi, kwa kuwa mbali na kuleta sodiamu, hufanya maji yawe ya alkali, na alkali huivunja pektini yenyewe. Malipo yake ni vitamini B1 inayopotea, rangi inayofifia na ladha ya sabuni mkono ukizidi. Magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa huwa na floridi pia, hivyo si kitu cha kuzoea kila siku. Kinachokaza kweli ni nyanya na ndimu zikitangulia, na maji ya kisima yenye kalsiamu nyingi. Mwenye kisima cha maji magumu upande wa chini afadhali apikie maji ya mvua.

Mwinuko unaongeza muda. Mjini Meru, karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 95. Embu iko chini kidogo, tofauti haifiki hata nyuzi moja. Nyuzi tano zilizopungua zinaonekana ndogo, ila pektini inazihisi, na mtu aliyezoea kupika Mombasa atashangaa. Kuchochea moto hakusaidii. Maji yakishachemka, kuni za ziada zinafukuza mvuke tu. Sufuria ya presha ndiyo inayolikwepa jambo hili, kwa kufikisha maji karibu nyuzi 118 hata huku juu, na kwa maharagwe ya zamani sioni kifaa kingine kinachojilipa haraka hivyo.

Kwa githeri, mahindi makavu yaanze peke yake, maharagwe yaliyolowekwa yafuate, nyanya zije wakati punje inabonyezeka kwa vidole viwili.

Anayetumia kikapu cha kupikia bila moto aangalie jambo moja. Maharagwe mekundu yana lektini, sumu inayoleta kutapika, na joto la nyuzi 80 halitoshi kuiua. Linaweza hata kuiongeza. Maharagwe yachemke kwa nguvu kwa nusu saa ndipo sufuria iingie kikapuni, na maji ya kulowekea yawe yameshamwagwa zamani.