Pilipili Ndani ya Bahasha

Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, zilitoka barua za askari wa Kihindi waliolazwa katika hospitali za Brighton, Uingereza, kwenda India, na baadhi yake zilibeba habari za pilipili. Pilipili manga imebaki kiasi gani? Ile nyekundu imeanza kutumika? Aliyesomewa hakuhitaji kwenda dukani kuuliza bei. Manga ni askari wa Kihindi, nyekundu ni Waingereza. Na kusema kwamba manga inakwisha ni kusema kwamba vijana wetu wanateketea katika mahandaki ya Ufaransa.

Nimelifikiria fumbo hili mara nyingi, na kila mara hunishangaza udogo wake. Kiungo tu cha jikoni! Mtungaji alichukua kitu ambacho mama hukishika kila siku akipika, akakitwika uzito wa maiti. Sisi tuliozoea kusoma kanga ya jirani kabla ya kumjibu salamu tunaijua kazi hiyo: neno linapita mbele ya watu wote, na mwenyewe peke yake ndiye linayemchoma.

Maneno ya wazi hayakuwa na njia. Askari hao wa Kihindi, waliopigana upande wa Uingereza, walishuka Marseille mwishoni mwa Septemba 1914, wakakutana na baridi na matope wasiyoyajua. Machi 1915, huko Neuve Chapelle, karibu nusu ya jeshi lililoshambulia walikuwa wao. Mengi ya kusimulia walikuwa nayo. Lakini barua zilikaguliwa kikosini, kisha zikakaguliwa tena na ofisi iliyowekwa Boulogne. Tena wengi hawakujua kuandika. Mmoja alisema, mwenzake akaandika kwa hati ya Kiurdu au ya Gurmukhi; na kule kijijini mwingine akasoma kwa sauti, majirani wamekaa wanasikiliza. Sentensi ilipita kinywa, kalamu ya mtu, jicho la mkaguzi na sauti ya msomaji ndipo ikafika sikioni mwa mama.

Wapo waliojaribu kueleza ukubwa wa vita vyenyewe, wakavilinganisha na vile vya Mahabharata, utenzi wa kale wa India, ili wa nyumbani wapate pa kushika. Hao nao walikuwa mafundi. Ila moyo wangu uko kwa wa pilipili. Tumezoea kumsifu anayemwaga yote yaliyomo kifuani. Mimi namstahi aliyepima, aliyejua kwamba neno moja likizidi, barua haifiki, na ndugu yake atajiandikisha jeshini bila onyo.

Wakaguzi nao hawakuwa wajinga. Fumbo walilitegua, wakalitafsiri kwa Kiingereza, wakalitia katika taarifa zao za kupima hali ya askari. Barua nyingi za asili zimepotea. Dondoo hizo ndizo zilizobaki, zimehifadhiwa London. Baadhi ya barua zilizuiwa zisiende kokote, maneno yake yakabaki katika majalada. Anayeyafungua leo huenda akawa anaonja pilipili ambayo aliyeandikiwa hakuipata kamwe.