Tarehe Ingesogezwa

Alichokosea Robert Marchand tarehe 4 Januari 2017 hakikutokea uwanjani. Mliomtazama akiwa na jezi yake ya zambarau na njano katika velodromu ya Saint-Quentin-en-Yvelines mliona mzee wa miaka 105 akinyonga baiskeli saa nzima bila kushuka, akamaliza na kilomita 22.547. Hapo apewe haki yake, tuendelee. Kosa lilifanyika mezani, kama mwezi mmoja kabla, alipoacha kula nyama baada ya kuguswa na taarifa za ukatili wanaofanyiwa mifugo, huku tarehe ya jaribio hilo la rekodi ya saa moja ikibaki palepale. Véronique Billat, mtaalamu wa fiziolojia aliyekuwa akimwongoza, alisema waziwazi kwamba hilo lilikuwa kosa kubwa na kwamba mzee angeweza kwenda kasi zaidi. Wachambuzi wengi waliisikia kauli hiyo, wakacheka kidogo, kisha wakarudi kwenye hadithi ya kibao.

Tukimalize basi hicho kibao, maana kimetusumbua miaka. Marchand alieleza kwamba hakukiona kibao cha kumjulisha kuwa zimebaki dakika kumi, vinginevyo angeongeza kasi. Sawa. Mwaka 2014, akiwa na miaka 102, alienda kilomita 26.927. Tuchukulie kwamba kibao kimeonekana na zile dakika kumi za mwisho amezinyonga kwa kasi ileile ya 2014: angepata takriban kilomita 4.5 badala ya 3.8 hivi. Faida ni mita 700 na ushee, na jumla isingefika hata kilomita 23.3. Pengo kati ya Marchand wa 2014 na Marchand wa 2017 ni kilomita 4.38, yaani zaidi ya mizunguko 17 ya uwanja wa mita 250. Kibao hakiwezi kubeba mzigo huo, hata kingekuwa na ukubwa wa mlango.

Umri je? Umri unabeba sehemu kubwa, na anayesema nyama pekee ilikula kilomita nne anajidanganya. Lakini tukumbuke mzee huyu alikuwa wa namna gani. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, alienda kilomita 24.251, miaka miwili baadaye akaongeza zaidi ya kilomita mbili na nusu. Vipimo vya Billat vinaonyesha ongezeko hilo lilitoka wapi. Kati ya miaka 101 na 103 alikuwa akiendesha kama kilomita 5,000 kwa mwaka, asilimia 80 kwa mwendo mwepesi na asilimia 20 kwa mwendo wa kutoa jasho. Kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili wake uliweza kutumia kikapanda kutoka mililita 31 hadi 35 kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Nguvu ya juu kabisa kwenye pedali ikatoka wati 90 hadi 125, hasa kwa sababu miguu iliweza kuzunguka haraka zaidi, mara 90 kwa dakika badala ya 69. Mapigo ya juu ya moyo hayakubadilika. Akiba ya mzee huyu, kwa hiyo, ilikuwa miguuni, na miguu hailishwi kwa sifa.

Misuli ya mzee ni bahili kwa namna yake. Protini ileile inayomjenga kijana humjenga mzee kwa kiasi kidogo, ndiyo maana wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza walau gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na zaidi kwa anayefanya mazoezi. Kuna wanaojibu kwamba Marchand hakuwa mlaji mkubwa wa nyama, mlo wake ulijaa matunda na mboga, sasa kipande kidogo kina uzito gani? Hesabu hiyo wameigeuza. Mwenye kingi akipunguza kidogo hasikii. Mwenye kidogo akikiondoa hicho hicho, sahani imebaki na pengo. Gramu 100 za nyama iliyopikwa zina protini kama gramu 25. Maharage yaliyoiva yana nane au tisa. Kuziba pengo hilo kunataka sahani ya maharage yenye uzito mara tatu, na tumbo la miaka 105 si ghala.

Wapo pia watakaosema namkebehi mtu kwa huruma yake. Hapana. Kuacha nyama ni haki yake, na wapo waendesha baiskeli wengi wasioigusa wanaopanda milima vizuri sana. Wamezoea, wamepanga maziwa, mayai na jamii ya kunde kwa miezi au miaka. Ninachogomba nacho ni ule mwezi mmoja. Kila mkufunzi anajua kwamba wiki za mwisho kabla ya jaribio hubadilishi tandiko, hubadilishi viatu, hubadilishi gia. Iweje chakula kiwe kitu cha kuchezea? Katika zama hizi tunajadili kutwa nzima vitambaa vya suti na umbo la kofia, halafu sahani tunamwachia mpishi. Mwendesha baiskeli Jens Voigt alivunja rekodi ya saa moja mwaka 2014, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 43, kwa kilomita 51.110, na mjadala ukaishia kwenye magurudumu yake.

Jambo linalonikera zaidi liko kwenye kalenda. Marchand alizaliwa tarehe 26 Novemba 1911. Daraja la miaka 105 na kuendelea, lililowekwa kwa ajili yake, lilimfungukia mwishoni mwa Novemba 2016, na hakukuwa na mpinzani yeyote wa kumtangulia. Alikuwa na miezi kumi na miwili ya kuwa na miaka 105. Jaribio lingeweza kufanyika Aprili, Juni, hata Septemba, mwili ukiwa umeshauzoea mlo mpya na Billat akiwa amepima tena miguu hiyo. Wakaenda wiki ya sita. Mzee akashuka kwenye baiskeli akisema sasa anamsubiri mpinzani, na mwaka uliofuata akatangaza kuachana na rekodi.