Wanaotibu Goti la Chukudu

Majengo, komini ya Karisimbi mjini Goma, barabara nyingi ni za mawe ya volkano. Humo hupita chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kikiwa na makaa, viazi au saruji. Mwendeshaji huegemeza goti moja ubaoni, mguu wa pili ukisukuma ardhi. Kano iliyo chini ya pia ya goti ikilemewa miezi mingi, hata kuchuchumaa huwa shida.

Hapo ndipo wanafiziotherapia wanastahili pongezi kubwa!

Wanajua kwamba mapumziko matupu huidhoofisha kano. Basi humfundisha mgonjwa kuchuchumaa polepole na kuongeza uzito kidogo kidogo, wiki 12 au zaidi, akivumilia maumivu madogo. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2009 uliwaunga mkono: sindano za kotisoni zilituliza maumivu mapema, lakini baada ya nusu mwaka waliofanya mazoezi ndio walioendelea vizuri.

Katika mji ambao hospitali zake, ikiwemo HEAL Africa iliyoanzishwa na daktari wa mifupa Jo Lusi na mkewe Lyn, zimepokea majeruhi wengi wa vita, goti la msukuma chukudu lingesahaulika kwa urahisi. Anayemuuliza kwanza alibeba mzigo gani jana, kisha akampangia mazoezi yasiyomnyima riziki, anafanya kazi ya kitaalamu hasa.