Chema Chajiuza: Sura ya Iman na Hadithi Aliyotungiwa

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni mizani nzuri ya kuipimia sanaa ya picha za mitindo, kwani sanaa hiyo hujigamba kwamba haina kazi nyingine ila kuuonyesha uzuri kama ulivyo. Lau ingekuwa hivyo, uzuri ungejiuza wenyewe wala usingehitaji mnadi. Lakini mnadi yupo, tena ana maneno mengi, na aghalabu maneno yake humdhuru mwanamitindo kuliko kamera yenyewe. Kisa cha Iman, binti wa Kisomali aliyepigwa picha Nairobi kisha akanadiwa New York, chatosha kuwa ushahidi.

Mwaka 1975 mpiga picha wa Kimarekani, Peter Beard, alikutana na msichana mmoja barabarani katika jiji la Nairobi. Msichana huyo, Iman Mohamed Abdulmajid, alizaliwa Mogadishu mwaka 1955. Baba yake alikuwa mwanadiplomasia na mama yake tabibu wa wanawake. Alisoma shule nchini Misri, akapata kujua lugha tano, na baada ya familia yake kulazimika kuihama Somalia, alikuwa Nairobi akisomea siasa katika Chuo Kikuu. Beard alipomwomba ampige picha, yeye alitaka kwanza kulipwa, na kiasi alichokitaja ni karo ya masomo yake. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapatano: mtu mwenye akili zake anauza kazi yake kwa bei aliyoitaja kwa kinywa chake.

Iman alipofika New York alikuta hadithi nyingine kabisa imekwisha kumtangulia. Waandishi wa habari walikuwa wameelezwa kwamba Beard amemgundua porini, kaskazini ya Kenya, akichunga mifugo, wala hajui neno la Kiingereza. Kwa pumzi moja chuo kikuu kikafutwa, wazazi wakafutwa, na lugha tano zikageuka ububu. Iman ameikanusha hadithi hiyo kwa miaka mingi, lakini hata leo wapo waijuao hadithi wasioujua ukanusho.

Kwa nini mnadi alitia chumvi pale ambapo uzuri ulikuwa dhahiri kwa kila mwenye macho? Jibu limo katika kazi za Beard mwenyewe. Kitabu kilichompatia jina, The End of the Game, kilitoka mwaka 1965, nacho chahusu wanyama wa Afrika Mashariki, wawindaji wao, na kukoma kwa zama zao. Humo Afrika ni mbuga inayotoweka, na mpiga picha ndiye shahidi aliyewahi kuiona kabla haijafungwa. Picha zake zina nguvu, na si haki kumnyima sifa hiyo. Lakini kwa jicho lililozoea mbuga, mwanafunzi wa siasa anayekwenda zake barabarani mjini si windo. Windo sharti litoke porini. Hata neno "kugundua" ni lile lile lililotumiwa na wasafiri wa Kizungu kwa maziwa na milima ambayo wenyeji waliijua, wakaipa majina, na kuzika wazee wao kando yake.

Hadithi ya namna hiyo si mzaha usio na matokeo. Anayedhaniwa kuwa hajui lugha haulizwi neno. Anayedhaniwa kuwa ameokotwa porini huhesabiwa kuwa amefanyiwa hisani, na aliyefanyiwa hisani hana ubavu wa kudai. Mwaka 1976, Iman alipofanya kazi yake ya mwanzo kwa jarida la Vogue, mpambaji alimuuliza kama amekuja na poda yake mwenyewe, kwani pale hapakuwa na poda ya rangi yake. Ikachanganywa iliyokuwapo, na uso, kama alivyosimulia mwenyewe, ukatoka wa kijivu. Msomaji na atafakari: mtu ameitwa kutoka Afrika kwa ajili ya sura yake, kisha sura hiyo ikafika mahali ambapo hapana hata kikopo kilichowekwa tayari kuipokea. Aidha, wakati huo alikuwapo kazini Beverly Johnson, mwanamke mweusi wa kwanza kutokea katika jalada la Vogue ya Marekani, toleo la Agosti 1974. Badala ya wawili hawa kuwa wawili, walipambanishwa kama kwamba kiti cha mwanamke mweusi ni kimoja tu, na anayeketi hana budi amwondoe mwenzake.

Watakuwapo wa kuuliza: haya ni mambo ya New York, yawahusu nini watu wa visiwani? Yawahusu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio za Unguja, ikiwamo ile ya A. C. Gomes, ziliwapiga picha wanawake wa mjini waliovaa kanga zao. Picha hizo zikafanywa kadi za posta, zikavuka bahari. Chini yake aghalabu iliandikwa kabila au mji, na jina la mwanamke halikuandikwa. Hapo hapakuhitajika hata uongo, kunyamaza kulitosha. Leo kadi hizo hupamba vitabu vya historia, na watazamaji huzisifu kanga, wakataja mtindo na miaka yake. Mwenye kanga alikuwa binti wa nani, alilipwa au hakulipwa, aliiona picha yake au hakuiona, kadi haisemi.

Na washairi nao wasijitoe katika lawama. Ushairi wa pwani ni bahari ya sifa za wanawake: pua ya upanga, shingo yenye pingili, macho malegevu, mwanya. Utumbuizo wa Mwana Manga, unaonasibishwa na Fumo Liyongo, huliteremka umbo la mwanamke kiungo baada ya kiungo kwa ustadi ambao kamera bado yautafuta. Ni fahari ya lugha, na hakuna anayetaka ufichwe. Hata hivyo, sifa za viungo zina hatari yake. Msifiwa aweza kujulikana nyusi na vidole, asijulikane anawaza nini. Tena, ile pua ya upanga iliyosifiwa kizazi hadi kizazi, ni mabinti wangapi wenye pua za namna nyingine walioisikia ikiimbwa arusini wakainamisha nyuso zao? Mizani ya uzuri haikuvumbuliwa na majarida. Majarida yaliikuta, yakaipa mtaji na kuieneza dunia nzima.

Lakini pwani hiyo hiyo ina mfano wa kinyume chake, nao ni Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Mama mgonjwa anamuusia binti yake juu ya dini, adabu na unyumba, na ndani ya usia huo anamwambia pia jinsi ya kujipamba. Yapo katika utendi huo yanayobishaniwa leo, hasa habari za utiifu kwa mume, na ubishi huo ni halali. Lakini yafaa kutazama ni nani anayesema. Anayenena juu ya pambo ni mwanamke aliyejipamba, anamwambia mwanamke atakayejipamba, na mtunzi mwenyewe ametia jina lake katika utungo. Hapana mnadi katikati yao. Kwa hiyo neno kubwa katika sanaa ya kusifu uzuri si wingi wa sifa wala uchache wake, bali ni nani mwenye kauli.

Pwani ina desturi nyingine inayofaa kukumbukwa hapa, nayo ni majibizano. Kule Pemba, Kamange alipotunga, Sarahani aliweza kumjibu, na wasikilizaji wakapima baina yao. Shairi lililotoka lilijua kwamba jawabu laweza kuja, na kwa hivyo lilijichunga. Picha ya mitindo haina adabu hiyo. Huchapishwa, hubandikwa, huandikiwa maneno, ilhali aliyemo ndani yake amefumbwa midomo na mapatano ya kazi pamoja na hofu ya kukosa kazi ya kesho.

Iman alijibu. Mwaka 1994 alianzisha kampuni ya vipodozi vya ngozi za rangi mbalimbali, na huko ndiko kulikuwa kukijibu kile kikopo kilichokosekana mwaka 1976. Mwaka 2001 alitoa kitabu chake, I Am Iman, ambacho jina lake latosha kuwa tamko: hapa anayeandika jina chini ya picha ni mwenye sura. Na mwaka 2013, yeye pamoja na Bethann Hardison na Naomi Campbell walishiriki katika kampeni iliyowapelekea barua wakuu wa mitindo wa New York, London, Paris na Milan, zikiwataja kwa majina wabunifu waliopanga maonyesho yenye mwanamitindo mweusi mmoja, au asiwepo kabisa. Hizo zilikuwa beti za majibizano, ijapokuwa hazikuwa na vina.

Mwenye kupinga atasema: mbona Iman alipata mali na jina duniani kote, basi amedhulumiwa nini? Hoja hii haikosi uzito, lakini yachanganya fidia na haki. Iman alikuwa na elimu, lugha na ukoo wa kumtegemeza hata akaweza kuirudisha kauli yake. Wengi wanaosimama mbele ya kamera ni wasichana wadogo wasio na nguzo hizo. Novemba 2006 Ana Carolina Reston, mwanamitindo wa Brazili mwenye umri wa miaka 21, alifariki kwa maradhi yaliyotokana na kujinyima chakula. Mizani ya uzuri ilikuwa imegeuka mizani ya chuma, ya kupimia kilo, naye hakuwa na kitabu cha kujibia.

Sheria zimeanza kuamka. Ufaransa, tangu mwaka 2017, yataka mwanamitindo awe na cheti cha daktari, na picha ya tangazo ambayo umbo la mwili limebadilishwa kwa kompyuta iandikwe kwamba imebadilishwa. Jimbo la New York lilipitisha sheria iliyoanza kufanya kazi Juni 2025, inayomtaka anayetaka kutengeneza mfano wa sura ya mwanamitindo kwa kompyuta apate kwanza idhini yake ya maandishi. Hizi ni hatua za kushukuriwa. Lakini sheria huweza kupima mwili na kukagua kompyuta. Haiwezi kuyakagua maneno yanayoandikwa chini ya picha. Kazi hiyo wameachiwa wasomaji, na kwa wapenzi wa ushairi si kazi ngeni, kwani wao wamezoea kuuliza utungo ni wa nani, nani anayesema, na anayesemwa amepewa nafasi gani.

Picha za Iman zitaendelea kutazamwa, nazo zastahili. Atakayezitazama akumbuke tu kwamba mwaka 1975, pale Nairobi, chema kilikuwa kimekwisha kujiuza, kwa bei iliyotajwa na mwenyewe. Kilichotembezwa New York ni ile hadithi.